Kiatu cha Tausi

Nimenunua pampasi mara moja tu maishani mwangu, na zilikuwa za punda. Mwenye duka pale Kibokoni aliniuliza mtoto ana kilo ngapi. Nikamwambia, "Mia na hamsini hivi." Akacheka, akadhani nafanya mzaha, akanitolea saizi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Hiyo ndiyo iliyofaa.

Punda mwenyewe anaitwa Tausi. Jina alipewa na Nana, ambaye husema kuwa mnyama yule hutembea kama anayejua kuwa anatazamwa. Ni wa Ami, ndugu mdogo wa baba yangu, na Ami huuza maji. Wewe unayekaa Mombasa wajua biashara hiyo bila kuelezwa. Mifereji ya kisiwa hiki yaweza kukauka wiki nzima, halafu siku maji yanaporudi huja saa nane za usiku, saa ambayo aliye macho ni paka na mwenye mtoto mchanga. Kwa hivyo Mji wa Kale hunywa na kuoga kwa mitungi. Wachuuzi wengi husukuma mikokoteni kwa mikono yao. Ami alifanya hivyo miaka mingi hadi goti lake la kushoto likakataa, ndipo akanunua Tausi. Mitungi 15 ya lita 20 kila moja ni kilo 300 za maji, kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe. Mara nne kwa siku, kutoka kisimani upande wa Makadara, kupitia Ndia Kuu, hadi ndani ya vichochoro vya Kibokoni na Kuze ambako lori haliingii na tuktuk huingia kwa kubana pumzi.

Barabara hizo zimetandikwa kabro. Kabro ni nzuri kwa picha za watalii. Kwa mguu usio na kiatu ni msasa. Saa sita mchana wa Januari huchoma, na mwezi wa Mei, masika yakikolea, hukaa na maji machafu ya mitaro siku baada ya siku. Punda ameumbiwa nchi kavu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unasema punda wote duniani wanatokana na waliofugwa mara ya kwanza hapa hapa Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita, wakati jangwa la Sahara lilipokuwa likizidi kukauka. Ukwato wake ni wa kukanyaga mawe makavu. Ukiulowesha mwezi mzima, unalainika kama kucha zako ukishinda unafua, na hapo kijiwe kidogo tu kinatosha.

Ilikuwa Mei. Ami aliingia ndani na kusema, "Leo ana uvivu huyu."

Nikatoka kumtazama. Alikuwa amesimama kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomoka nyuma ya kwetu, ndipo analala, na mguu wa mbele wa kushoto ameutanguliza kidogo, kama mtu anayesubiri basi. Halii, hapigi kelele. Punda wana tabia hii inayowaponza: farasi akiumwa atakuonyesha, lakini punda huficha maumivu mpaka yamzidi. Ukiona punda anachechemea waziwazi, jua ameumwa zamani. Nilimshika ukwato nikauhisi una moto, wakati ule wa kulia ulikuwa baridi kama ukuta wa mawe asubuhi.

"Si uvivu, Ami. Huu mguu unawaka."

Akanyamaza. Alijua. Nafikiri alijua kabla yangu, ila kulitamka kulikuwa na gharama.

Lamu wana bahati. Tangu miaka ya 1980 wana kituo cha kutibu punda bure, na punda wa Lamu wakiumwa wana pa kwenda. Sisi tulipiga simu kwa daktari wa mifugo mmoja aliyekubali kuvuka kuja kisiwani baada ya saa za kazi. Alikuja na koleo kubwa, kisu chenye ncha iliyopinda na subira nyingi. Akabana ukwato kwa koleo, hapa, pale, kidogo kidogo, na alipofika sehemu moja karibu na ncha Tausi akaung'oa mguu mikononi mwake. Akaanza kuchonga hapo. Ganda, ganda jingine, halafu kitone cheusi. Akakifuata kile kitone kwa ncha ya kisu na ghafla ukatoka usaha, mwembamba, mweusi kama wino, wenye harufu ambayo siwezi kuiandika katika jarida linalosomwa wakati wa chakula.

Akatueleza. Ukwato ni kama sanduku gumu. Kidole chako kikiingia usaha kitavimba, ngozi itavutika. Ukwato hauvutiki. Usaha ukijaa humo hauna pa kwenda, na mnyama ndiye anayesimama juu yake na uzito wake wote. Kama umewahi kubanwa kidole na mlango na damu ikaganda chini ya kucha, basi una habari kidogo ya mambo ya Tausi.

Halafu akauliza, "Amechanjwa pepopunda?"

Miaka yote nimelitumia neno hilo bila kulisikiliza. Pepopunda, ugonjwa wa msumari wenye kutu, wa kina mama kuchanjwa kliniki. Kumbe jina halikutoka hewani. Vijidudu vyake vinaishi udongoni na ndani ya kinyesi, na katika wanyama wote tunaofuga, punda na farasi ni miongoni mwa wanaoshikwa kwa urahisi zaidi. Taya hufunga, mwili unakauka kama ubao. Tundu kwenye ukwato, linalokanyaga uchafu wa mtaroni, ni mlango uliofunguliwa. Tausi alipigwa sindano siku hiyo hiyo.

Maagizo yalikuwa mepesi kuyasikia. Tia mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, dakika 20, asubuhi na jioni. Ukaushe. Tia pamba yenye iodini kwenye tundu. Funika, uchafu usiingie. Asifanye kazi mpaka atembee kama hana kitu, na hapo uhesabu wiki nzima zaidi.

Tatizo lilikuwa kwenye "funika".

Pampasi ni kitu cha ajabu, nakwambia. Inafyonza, ina ulaini, ina vishikizo vyake, na inaukumbatia ukwato kama ilishonewa. Juu yake unazungusha ile tepu pana ya kijivu ya mafundi wa mabomba, vipande vimepishana kama ukili wa mkeka. Jioni ile Tausi alikuwa na kiatu cha fedha kinachong'aa, watoto wa mtaa wakaja kumpiga picha. Asubuhi tukakuta ncha imetoboka na pamba imegeuka tope. Alikuwa ametembea hatua 30 labda, kutoka kivulini hadi kwenye ndoo ya maji. Siku ya pili tukajaribu kipande cha gunia na kamba ya makumbi. Kikageuka upande, kikawa kinamkwaza.

Nikaingia mtandaoni. Wazungu wana viatu vya farasi vya kuagiza: mpira mgumu, vishikizo vya chuma, rangi ya kuchagua. Bei yake sitaki hata kuizungumzia mbele ya Ami. Na hata kama pesa ingekuwepo, saizi si zake. Ukwato wa farasi ni wa duara na umelala, kama sahani. Wa punda ni mwembamba na umesimama, kama bilauri iliyofunikwa kifudifudi. Kiatu cha farasi kwenye mguu wa Tausi kingekuwa ndoo.

Lakini katika kuperuzi huko niligundua kuwa mawazo yetu hayakuwa ya kichaa. Warumi walikuwa na ndara za chuma za kufunga kwa kamba kwenye kwato. Japani, hadi karne ya 19, farasi walivaa makubadhi ya majani ya mpunga. Yalichakaa haraka, na msafiri alibeba jozi za akiba, yaliyokwisha akiyaacha njiani. Na sisi wenyewe? Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa hapa wote wanatembea pekupeku, na kwamba mlangoni mwa misikiti kuna kisima na kipande cha mkeka mzito wa kupangusia miguu kabla ya kuingia. Napenda kumwazia yule bwana, ametoka Tangier mpaka huku, na kitu alichokiona ni nyayo zetu. Tulikuwa mji wa miguu safi, bila viatu. Sasa tuna viatu na mitaro.

Kiatu hasa kilitoka kwa fundi wa akala upande wa Mwembe Tayari. Nilimpelekea kipande cha boksi nilichochorea ukwato kwa kalamu. Akakitazama mbele na nyuma.

"Huyu mtu ana kisigino wapi?"

Nikamweleza. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Aliuliza maswali ambayo hata daktari hakuuliza. Je, anaanza kukanyaga kwa ncha au kwa nyuma? Je, mguu unatoa jasho? Kiatu kitalala mguuni au kitavuliwa? Mwisho akasema hawezi kumshonea mtu asiyemwona, akafunga kibanda baada ya alasiri tukatembea pamoja hadi Kibokoni. Alipochutama kupima, Tausi akamrushia teke la nyuma, likapita sentimita chache kutoka begani. "Shukrani ya punda," akasema fundi, akaendelea kupima, safari hii akiwa amesimama upande wa mbele.

Soli aliikata kutoka ubavuni mwa tairi la gari dogo. Mimi nilidhani angetumia ule uso wa tairi wenye meno, ndio mgumu. Akanionyesha kwa kisu: chini ya meno kuna nyaya za chuma, na uzi mmoja wa chuma ukichomoza utaingia pale pale kwenye tundu. Ubavu hauna nyaya hizo, na unapinda. Akaikata kubwa kuliko mchoro wangu kwa unene wa kidole cha mwisho kila upande. Sehemu ya juu ilikuwa tyubu ya lori, ameikata kama ua la majani matano, ili majani yakunjwe kuuzunguka ukwato na kufungwa kwa ukanda wa tyubu ile ile. Akashona kwa msharasi na uzi wa nailoni. Msumari hata mmoja hakutia. Ndani akalaza soli ya ndara nzee, ile sponji ya samawati, iwe godoro. Na pale juu, ambapo ukwato unakutana na ngozi, akapachika ukanda wa taulo, kwa sababu mpira mtupu ungemkata hapo kwa siku mbili. Matundu ya kupumulia aliyatoboa nyuma, juu, mbali na maji ya ardhini.

Shilingi 350. Nilimpa 500 akanirudishia chenji yote.

Daktari nilipomtumia picha alisema jambo moja tu: kivuliwe kila siku, mguu ukauke, kwa sababu mpira huweka unyevu ndani na unyevu ndio uliotuleta hapa. Basi ikawa ratiba. Asubuhi beseni, chumvi, taulo, iodini, pampasi nusu (nilijifunza kuikata), kiatu. Jioni tena. Kiatu kilikaa. Tausi alikwenda kwenye ndoo yake na kurudi, na pamba ilitoka nyeupe. Siku ya tatu alianza kuulaza uzito juu ya ule mguu. Siku ya tano alitembea vizuri kiasi kwamba Ami alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu, nikajua anachowaza.

"Kiatu chafaa," alisema. "Kesho twafunga mkokoteni."

Sikutegemea kiatu kizuri kingeleta taabu yake. Kibaya kisingekuwa na mjadala. Kitu kilichotoboka kwa hatua 30 hakiendi Makadara. Lakini hiki kingeweza kwenda. Fundi alikuwa amekishona vizuri mno. Na Ami hakuwa mkatili, naomba uelewe hilo. Kila siku Tausi aliposimama, nyumba ilikosa kama shilingi 1,000. Hoteli ya chai ya Kuze, mteja wake wa miaka, ilikuwa imeanza kuletewa maji na tuktuk. Dawa za presha za Nana zilibaki za siku nne. Watu wanaosema mpumzishe mnyama mara nyingi ni watu ambao mshahara wao haupumziki naye. Wazee wetu walikuwa na msemo, punda afe mzigo wa bwana ufike, na siku zote niliusikia kama kejeli. Usiku ule niliusikia kama hesabu.

Nana ndiye aliyemjibu, kutoka kitandani kwake, bila kuinuka. "Lile goti lako lilipovimba ulilala wiki mbili. Nani alikuvisha kiatu akakutuma maji?"

Ami akatoka nje.

Siku ya saba akaja mtu. Simjui, sikumwona tena baadaye. Alikuwa amesikia kuna punda mwenye mguu mbovu, akauliza bei. Kama hufuatilii habari hizi: ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi inayotumika kutengenezea dawa ya asili huko Uchina, na kuanzia mwaka 2016 Kenya ilikuwa na machinjio yenye leseni ya kazi hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi barani kote. Yule mtu hakutaja lolote kati ya hayo. Alisema ana shamba.

Kilichoniumiza si kwamba alikuja. Ni kwamba Ami hakumfukuza. Alimkaribisha kwenye baraza, akaagiza kahawa, wakazungumza polepole kama watu wanaozungumzia posa. Mwisho nikamsikia Ami anasema, "Rudi Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Mimi huandika maelezo ya bidhaa kwa tovuti za watu, kazi ya kulipwa kwa maneno, na mwezi ule haukuwa mbaya. Nikamwambia Ami nitamtumia 500 kila siku kwa siku kumi. Alikataa kwa hasira, akasema hajafika mahali pa kulishwa na mtoto wa kakake. Nikamwambia basi iwe deni, tuandike. Tukaandika, kwenye daftari la wateja wake wa maji, na akasaini.

Hizo ni nusu ya pesa. Nusu nyingine aliitafuta mwenyewe. Asubuhi ya Jumatano nilisikia magurudumu kwenye kabro kabla ya adhana, nikachungulia dirishani. Ami alikuwa kati ya mikono ya mkokoteni, mahali pa Tausi, na mitungi sita tupu nyuma yake, amevaa ndara. Nilivaa haraka nikamfuata. Kwenda ilikuwa rahisi. Kurudi, na kilo 120 za maji, nikisukuma nyuma na yeye akivuta mbele, ndipo nilipojua kuwa Ndia Kuu ina vipandio ambavyo miaka yote sikuviona. Hatukuzungumza. Alipumzika mara tatu, akijifanya anapanga mitungi. Hoteli ya Kuze ilichukua minne. Mwenye hoteli alimtazama Ami, akanitazama mimi, akalipa bila kubishana bei, jambo ambalo nimeambiwa halijatokea kabla.

Ijumaa yule mtu alirudi. Alimkuta Ami amechutama kiwanjani, mguu wa Tausi umo ndani ya beseni, mkono mmoja ameupitisha nyuma ya goti la mnyama ili asiutoe.

"Vipi, tumekubaliana?"

"Huyu yuko likizo," Ami alisema, bila kugeuka.

Siku ya 16 Tausi alitembea bila kiatu kwenye kabro kavu, kisha akakimbia kidogo, bila kuombwa, kumfuata mwenye kuuza majani. Tulihesabu wiki nyingine kama tulivyoagizwa. Tundu lenyewe bado lipo. Ukwato hukua kwa mwezi pungufu kidogo ya sentimita moja, kwa hivyo itachukua miezi kadhaa lishuke hadi mwisho na kukatwa. Ami ameweka alama ya rangi ukutani mwa ukwato na huipima kwa kidole. Kila jioni anainua miguu yote minne na kuchokoa uchafu kwa bisibisi butu. Mitungi imepungua kutoka 15 hadi 12. Ukimuuliza, atakwambia ati gurudumu limechoka.

Deni langu amelipa nusu. Sijamdai, lakini daftari halali mbali naye.

Wiki iliyopita alikuja mwanamume kutoka Kisauni, naye ana punda wa mkokoteni, ameelekezwa na fundi. Mfukoni alikuwa na mchoro wa ukwato alioukata kutoka pakiti ya unga. Mguu wa mbele, kulia, unachechemea tangu Jumapili. Nilimpa kwanza namba ya daktari, nikamwambia kiatu hakitoi usaha. Kisha tukaulaza mchoro wake juu ya kile kipande changu cha boksi. Ulikuwa mpana zaidi kwa kidole kizima, na umepinda upande mmoja, kwa hivyo cha Tausi kisingemfaa. Tukapanda tuktuk kwenda Mwembe Tayari kumwona fundi.